Kiapo cha Uraia si Maneno ya Mdomo

Siku hizi ukisimama mbele ya kanisa hapa Baraka baada ya Misa ya Dominika, utaona simu moja inapita katika mikono ya watu kumi. Ndani yake mna picha ya kijana wetu aliyevaa suti na tai, amesimama karibu na bendera ya Marekani, ameshika karatasi nene yenye muhuri. Au ni mama mmoja wa Fizi, amejifunga kitenge chake kizuri, mkononi ana bendera ndogo kama ya watoto wa shule. Habari ni ile ile: ameapa, amekuwa raia. Na simu ikisha kurudi kwa mwenyewe, mabishano huanza.

Mzee mmoja husema kwa uchungu: "Huyu amekwisha kutukataa. Na mkataa kwao ni mtumwa." Hapo kijana mmoja humjibu akicheka: "Mzee, usisumbuke. Kile kiapo ni maneno ya mdomo tu. Anasema wanavyotaka wenyewe, anapata pasipoti, moyo wake unabaki Fizi." Watu hucheka, mzee hutulia kidogo, na kila mtu hudhani kijana amemtetea ndugu yetu vizuri.

Sisi tunasema: hasha! Kati ya hao wawili, kijana ndiye aliyesema vibaya zaidi. Mzee amekosa kujua jambo, lakini upendo anao. Kijana amemfanya ndugu yetu kuwa mwongo mbele ya Mungu na watu, kisha anataka tumshukuru. Leo basi tunataka kuwajibu wote wawili, na tena kusema neno na ninyi mlio ng'ambo, mnaojiandaa kwa siku ile. Maana kiapo hicho kina maana yake. Hakidai yote anayoyaogopa mzee, wala si kitu bure kama anavyodhani kijana.

WALIVYOFIKA HUKO

Tukumbuke kwanza walivyotoka. Vita vya mwaka 1996 viliposhuka kutoka Uvira kufuata ziwa, watu wa Mboko, Baraka, Fizi na Ubwari walijitupa katika mitumbwi na maboti, wakavuka Tanganyika mpaka Kigoma. Mwaka huo huo ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu. Wengi walidhani watakaa miezi michache tu. Mwaka 1998 vikaja vita vya pili, na wengine wakawafuata. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu hapa Baraka. Wengi walirudi, wakakuta viwanja vyao vimekuwa pori. Lakini wengine walibaki Nyarugusu miaka 15, miaka 20, na zaidi. Watoto walizaliwa humo, wakaoana humo, wakazaa humo, nao hawakuwa na serikali hata moja iliyowaita watu wake.

Ndio hao waliochukuliwa kwa maelfu kwenda Marekani, katika miji kama Louisville, Boise, Houston na Grand Rapids. Mlango huo ulibanwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Lakini waliokwisha kuingia wanaendelea na safari yao, na mwisho wa safari hiyo ni uraia.

Sheria ya kule yasema kwamba mkimbizi akitimiza miaka 5 ya ukaaji wa halali aweza kuomba uraia. Hujaza fomu ndefu iitwayo N-400. Huitwa mbele ya ofisa, akapimwa kusema, kusoma na kuandika Kiingereza, akaulizwa maswali ya historia na ya serikali. Walioomba kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 hujifunza maswali 100. Huulizwa mpaka 10, nao wapaswa kupata 6. Walioomba tangu siku hiyo hujifunza maswali 128. Huulizwa mpaka 20, nao wapaswa kupata 12.

Akishinda hayo yote, bado si raia! Mara nyingi huitwa siku nyingine, katika korti au katika ukumbi wa serikali. Hurudisha kadi yake ya ukaaji, husimama pamoja na wenzake, huinua mkono wa kuume, na kuapa. Akisha kuapa, hapo ndipo awapo raia, wala si dakika moja kabla. Mtihani humpima, kiapo ndicho kinachomfanya raia. Tazameni basi jinsi ilivyo hatari kukiita kitu hicho maneno ya mdomo tu.

TUNAMJIBU KIJANA

Kiapo chenyewe kinasema nini? Kwa maneno yetu wenyewe ni hivi. Mtu anasema kwamba anaacha kabisa utii na uaminifu wote aliokuwa nao kwa dola nyingine yoyote. Anasema ataitetea Katiba na sheria za Marekani juu ya adui wote, wa nje na wa ndani. Anasema atakuwa mwaminifu kweli kwa nchi hiyo. Anasema kwamba sheria ikimdai, atachukua silaha, au atatumika jeshini bila silaha, au atafanya kazi nyingine ya lazima kwa taifa. Mwisho anasema kwamba anaapa kwa hiari yake, bila kuweka neno jingine moyoni na bila nia ya kukwepa. Naye anamwomba Mungu amsaidie.

Umesikia, kijana? Bila kuweka neno jingine moyoni! Hao walioandika kiapo walijua kwamba utakuja. Walijua kwamba atatokea mtu wa kusema kwa mdomo na kukataa kwa moyo, wakamfungia mlango ndani ya kiapo chenyewe. Asemaye, "Ninaapa, lakini moyoni siapi," amekwisha kudanganya mara mbili: ameapa asichokusudia, tena ameapa kwamba anakikusudia.

Wala ujanja huu si mpya. Zamani walikuwako walimu huko Ulaya waliofundisha kwamba mtu aweza kuapa neno kwa sauti, kisha akaongeza neno jingine kimya moyoni ili kiapo kisiwe cha uongo. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 aliyalaani mafundisho hayo waziwazi. Nasi katika katekisimu yetu tulifundishwa tangu utoto kwamba kiapo cha uongo chavunja amri ya pili, maana kinamwita Mungu awe shahidi wa uongo. Amri hiyo haikuandika kwamba Mungu akiitwa kwa Kiingereza hasikii.

Lakini tuache vitabu. Tuitazame nchi yetu. Sisi watu wa Fizi, je, tunalia juu ya nini kila siku? Tunalia juu ya watu wanaoapa na kuvunja. Wakubwa wanainua mkono juu ya Katiba, kesho mishahara ya walimu haionekani. Wenye bunduki wanatia sahihi mkataba wa amani mbele ya kamera, wiki ijayo kijiji kinaungua na ng'ombe wanaswagwa. Tukisikia mkataba mpya hatupigi makofi tena. Tunauliza tu njia ya kukimbilia iko wapi. Ndivyo nchi inavyokuwa pale maneno ya mdomo yanapotengwa na moyo. Nasi tunaojua uchungu huo kuliko wengine, tumsifu mtoto wetu kwamba ni mwerevu kwa sababu ameapa uongo katika nchi iliyomfungulia mlango? Ahadi ni deni. Mkubwa akilivunja tunasema ni mwizi. Mdogo naye akilivunja hatuwezi kusema ni mjanja.

TUNAMJIBU MZEE

Sasa wewe, mzee wetu, tunakujibu kwa heshima. Umesema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali ni ya kweli. Lakini tuulize: kile kiapo kinakataa nini?

Kinakataa utii kwa dola nyingine. Basi. Hakimwambii mtu amkatae mama yake. Hakimwambii asahau kaburi la baba yake pale Mutambala, wala aache Kibembe, wala asile tena ugali wa muhogo na ndagala. Hakuna ofisa wa Marekani anayemkataza kutuma fedha za dawa kwa shangazi yake au za ada kwa mtoto wa ndugu yake. Dola ni kitu kimoja, na kwenu ni kitu kingine. Dola huandika majina, hutoza kodi, hulinda barabara, huhukumu. Kwenu ni damu, ni ardhi, ni lugha, ni wafu. Mtu aweza kubadili dola asibadili kwao.

Tazama ng'ambo ya ziwa. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa miaka zaidi ya 35. Tanzania ikawakubali zaidi ya 160,000 kati yao wawe raia, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Iliwapasa kuuacha uraia wa Burundi. Je, wamewaacha babu zao? Wanalima tumbaku na mahindi, wanalipa kodi, wanapiga kura, na wazee wao wangali wanasimulia Kirundi jioni. Nchi iliyowapa jembe wakati wa njaa wameipa utii wao. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mgeni aliyeshika jembe kwa miaka 35 si mgeni tena.

Tena kuna neno ambalo wengi hapa Baraka hawalijui, nalo litakuuma kidogo. Serikali ya Marekani haimnyang'anyi raia mpya pasipoti yake ya zamani, nayo inakubali kwamba mtu aweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Inayokataa ni sheria yetu sisi! Sheria nambari 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, na kipengele cha 10 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, zasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu, wala hauchukuani na mwingine. Mkongomani akipokea uraia wa kigeni, kwa sheria hiyo ameupoteza wa Kongo. Basi usiseme kwamba mtoto ametufungia mlango. Mlango umefungwa na sheria ya kwetu. Na sheria hiyo hiyo imeacha njia ya kuurudia uraia wa Kongo kwa yule aliyekuwa Mkongomani wa asili, akitaka siku moja kurudi na kuacha ule mwingine.

Wapo wanaosema sheria hiyo ni kali mno na inawapoteza watoto wa nchi. Wapo wanaosema ni ngao yetu. Jambo hili lilitikisa hata Bunge la Kinshasa mwaka 2007, ilipojulikana kwamba baadhi ya wakubwa wenyewe wana pasipoti mbili. Na libishaniwe mchana kweupe, mahali pake. Lakini lisimalizwe kwa uongo wa mtu mmoja mmoja, anayeficha pasipoti moja anapoonyesha nyingine kwenye mpaka.

Na ukitaka kujua, mzee, kwamba mtu aweza kuwa wetu bila karatasi yetu, kumbuka tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile, wakati wa uasi, waliuawa hapa Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara, na kule Fizi Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Watatu walikuwa Waitalia. Wa nne, Abbé Joubert, alizaliwa pwani ya ziwa hili hili, baba Mfaransa na mama Mwafrika. Waliweza kukimbia, hawakukimbia. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza wenye heri huko Uvira, nasi tulicheza na kupiga vigelegele. Je, kuna aliyeuliza siku ile walikuwa na kitambulisho gani? Tuliwaita wa kwetu kwa sababu ya uaminifu wao. Basi uaminifu wa mtu ndio tumwangalie.

NENO LINALOUMA ZAIDI

Sasa tunakuja kwa neno ambalo tungependa kuliruka, lakini tukiliruka maandishi haya yatakuwa maji matupu.

Katika kumbi zile za kuapia, wanasimama watu wa nchi nyingi mstari mmoja. Na mara nyingine, kati yao, wamo watu wa kwetu ambao huku hawawezi kukaa mstari mmoja: Mbembe na Mnyamulenge, Mfuliiru na Mnyamulenge. Huku tumebishana tangu zamani nani ni raia na nani si raia. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa mkupuo watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta mkupuo ule. Ya 2004 ikasema upya kwamba ni Wakongomani wa asili wote ambao makabila yao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi hii siku ya uhuru. Kati ya sheria hizo tatu yamelala makaburi. Makaburi ya Babembe wa Makobola, mwisho wa mwaka 1998. Makaburi ya Banyamulenge wa Gatumba, Agosti 2004. Na wale waliouawa hapa hapa kwetu, Baraka na Lueba, Septemba 1996. Tumeyataja yetu na yao, maana mwenye kuhesabu makaburi ya upande mmoja tu hajamaliza kuhesabu.

Basi hao wawili, waliokataana huku, kule wanainua mkono siku moja, wanasema maneno yale yale, wanapokea cheti kile kile. Tangu saa ile wao ni raia wenzao kwa kiapo. Hakuna aliyeulizwa babu yake aliingia mwaka gani. Ni neno zuri, tena linatutia haya sisi tuliobaki.

Lakini jioni, huyo aliyeapa asubuhi huchukua simu. Hutuma sauti katika makundi ya simu: "Msiwakubali wale. Wafukuzeni. Tutatuma fedha." Sauti hiyo inavuka bahari, inafika Fizi kabla jua halijachwea, na kijana asiye na kazi anaisikiliza akiwa amekaa juu ya bunduki. Kwa ajili ya sauti hiyo mtoto wa watu huenda akafa huko juu Minembwe au huku chini ukingoni mwa ziwa. Naye aliyeituma amelala katika nyumba yenye joto, kesho anakwenda kazini salama, chini ya sheria ambayo yeye hamtakii jirani yake.

Kwako wewe, ndugu, wa kabila lolote uwaye, tunakuambia bila kuuma maneno: ukifanya hivyo, hukuapa. Ulitikisa ulimi tu. Umekubali sheria ikulinde wewe, ukakataa imlinde mwingine. Kile kijana alichosema kwa mzaha mbele ya kanisa, wewe umekifanya kiwe kweli. Na tofauti ni hii: mzaha wa kijana haukuua mtu.

JINSI YA KUJIANDAA

Wengine watauliza: basi mtu ajiandaeje? Tunajibu kwa mambo manne.

La kwanza, ukweli katika fomu. Fomu N-400 inauliza majina yote uliyotumia, ndoa zako, watoto wako wote, safari zako, kodi zako, makosa yako mbele ya sheria. Tunajua yaliyotokea kambini. Wengine waliandikisha mtoto wa ndugu kama mtoto wa tumbo. Na kwa desturi yetu mtoto wa ndugu ni mtoto kweli, wala hawakuona kwamba wanadanganya. Wengine miaka yao iliandikwa kwa kukisia. Usilifunike jambo hilo kwa uongo mpya juu ya wa zamani. Sheria ya kule yaweza kumvua mtu uraia hata baada ya miaka mingi, ikithibitika kwamba aliupata kwa kuficha neno kubwa au kwa kudanganya. Kabla ya kutuma fomu nenda kwa mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, umweleze yote. Usimwendee yule rafiki anayejaza fomu jikoni kwa dola 50.

La pili, kuelewa badala ya kukariri. Tumesikia watoto wetu wakisoma majibu kama kasuku, kwa sauti ya kurekodiwa, usiku kucha. Vema, yakariri, lakini uliza pia maana yake. Ukijibu kwamba sheria kuu ya nchi ni Katiba, jua kwamba maana yake hata rais yuko chini yake. Ukijibu kwamba kuna uhuru wa dini, jua kwamba ni wa jirani yako Mwislamu na Mprotestanti kama ulivyo wako. Ukifika kwenye neno la silaha katika kiapo, usilipite ukifumba macho. Wewe uliyetoka Fizi wajua silaha ni nini. Sheria inamruhusu mtu ambaye imani yake inamkataza kuchukua silaha aombe kuapa bila sehemu hiyo. Lakini aombe mapema na kwa kweli, asilitumie kama kichaka cha kujifichia.

La tatu, wazee. Hili linatuchoma moyo. Mama aliyeuza ndagala soko la Baraka miaka 30, hakwenda shule kwa sababu ya vita moja, wala wanawe hawakwenda kwa sababu ya vita nyingine, leo anaambiwa asome na kuandika Kiingereza. Sheria imewahurumia baadhi yao: mwenye miaka 50 aliyekaa na kadi ya ukaaji miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, husamehewa Kiingereza, akajibu maswali kwa lugha yake; na mwenye miaka 65 aliyekaa miaka 20 hupewa maswali machache zaidi. Lakini wengi wa mama zetu walifika juzi juzi tu, miaka hiyo hawajaitimiza. Mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza aweza kuombewa na daktari kwa fomu N-648. Lakini daktari asiombwe kuandika ugonjwa usiokuwapo! Mama mzima hana haja ya ugonjwa wa uongo. Ana haja ya mtoto wa kuketi naye. Ninyi vijana, mnapata saa mbili za kutazama mpira; mpeni mama nusu saa. Yeye aliwabeba mgongoni kuvuka ziwa. Hamwezi kumbeba kuvuka kurasa chache?

La nne, siku yenyewe. Wakikuita utapewa karatasi ya kuuliza yaliyotokea tangu siku ya mahojiano: je, umesafiri, umeoa, umekamatwa? Jibu kweli hata hapo mlangoni. Usipige kura hata siku moja kabla ya kuapa. Jambo hilo limewaharibia wengi. Watoto walio chini ya miaka 18, wenye kadi ya ukaaji na wanaoishi nawe, kwa kawaida huwa raia pamoja nawe bila kuapa. Uwatafutie karatasi zao mapema. Usiku ule wa kuamkia kiapo, kisome polepole kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama yako, neno kwa neno. Ukikuta neno ambalo huwezi kulisema kwa moyo, ngoja kwanza. Kungoja si aibu. Miaka 20 kambini ulingoja. Mwezi mmoja zaidi si kitu. Na ukiona waweza kuyasema yote, vaa kitenge chako, nenda, inua mkono, na useme kwa sauti inayosikika.

NA SISI TULIOBAKI?

Wasomaji wapenzi, ni rahisi kuwafundisha walio mbali. Lakini wao wanajifunza maswali 128 ili wawe raia. Sisi tuliozaliwa raia tunajua mangapi? Muulize kijana wa Baraka kipengele cha 10 cha Katiba yake kinasema nini. Muulize mjumbe wa eneo letu anapaswa kufanya nini. Atakuambia bei ya kila mchezaji wa Ulaya. Kwetu, kwa miaka mingi, kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho. Basi wengine wamedhani uraia ni kadi tu, ya kumwonyesha askari kwenye kizuizi. Sisi hatukuapa siku ya kuzaliwa, hiyo ni kweli. Lakini deni letu si dogo kwa sababu hiyo.

Na tazameni karibu zaidi. Pale Lusenda, mwendo mfupi tu kutoka hapa, Warundi walifika tangu mwaka 2015 kama sisi tulivyofika Kigoma mwaka 1996. Wao nao wana mama waliobeba watoto mgongoni. Tunafurahia simu inayotuonyesha mtoto wetu akipokelewa na taifa la watu. Je, mtoto wa Lusenda akija sokoni kwetu tunamwitaje?

Kwa hiyo, mzee, usilie: mtoto hajakukataa. Mpigie simu, umwambie umbarikie, kisha umwulize ameapa nini. Na wewe, kijana, usicheke tena. Dominika ijayo picha nyingine itapita mikononi mwetu. Mtu akiuliza, "Je, amesema kweli?" sisi tunataka tuweze kujibu: "Ndiyo, alisema kweli, tunamjua, ni mtu wa kwetu."